Asiyerudi Dirishani

Kwa miaka 38 nilikaa nyuma ya dirisha la dawa. Lilikuwa tundu tu ukutani, upana wake viganja viwili, na kupitia hapo nimeona mikono mingi kuliko nyuso: mikono ya wakata mkonge iliyojaa makovu, mikono ya wazazi wapya yenye hina, mikono ya wazee ikitetemeka na cheti. Nilihesabu vidonge vitano vitano kwenye trei, nikavitia katika bahasha ya kaki, nikaandika 2 x 3, nikasema, "Asubuhi, mchana, jioni. Umalize dozi." Kisha nikamwita anayefuata.

Aliyerudi kulalamika tulimbadilishia dawa. Asiyerudi tulimhesabu amepona. Hatukuandika popote kwamba huo ndio utaratibu, lakini ndivyo tulivyohesabu. Huenda kweli alipona. Huenda alihamia kwa mganga wa kienyeji, au nauli ilimshinda, au alizikwa Jumanne nasi tunahesabu vidonge vya Jumatano.

Msitucheke. Kizazi chetu kilikuwa na sababu ya kuziamini dawa. Nilizaliwa Tanga mwaka 1950, na begani nina kovu la chanjo ya ndui kubwa kama kifungo cha koti. Mtu wa mwisho kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliugua mwaka 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui haipo tena. Tuliona mtoto anayehema kwa nimonia akidungwa penisilini ya PPF jioni, keshokutwa yake anafukuza kuku. Tuliona wagonjwa wa ukoma wakimaliza vidonge vyao na kurudi kwao. Na tulipokuwa tumekata tamaa kabisa zikaja ARV: watu walioletwa kwa machela mwaka huu, mwaka wa pili walikuja dirishani na baiskeli zao, wamenenepa, wanagombania foleni. Ukiyaona hayo yote katika umri mmoja utaamini kwamba kila ugonjwa una kidonge chake mahali fulani. Utaamini pia kwamba dawa inayofanya kazi huonekana kwa macho.

Ugonjwa wa kusahau haukuja dirishani. Ulikuwepo, ila tuliuacha nyumbani. Bibi aliyeamka usiku wa manane kwenda shamba ambako pameshajengwa shule, tulisema uzee. Babu aliyedai chakula mara ya tatu baada ya kula, tulisema amerudi utotoni. Na wengine, hasa wajane wasio na mtu wa kuwatetea, waliitwa wachawi, jina lililowagharimu maisha. Sikumbuki hata cheti kimoja kilichopita mikononi mwangu kimeandikwa ugonjwa huo. Kwa hiyo ulipoingia kwetu nilikuwa mgeni nao kama mtu yeyote, na miaka yangu ya famasi haikunipa kitu ila kiburi.

Uliingia kwa kaka yangu mkubwa. Alikuwa mwalimu wa kisomo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kaka alikuwa kijana wa miaka 26, anafundisha usiku kwa taa ya karabai, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa rika la baba yetu. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya redioni, yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha wasikilizaji mtaani kwetu, na ndiye aliyenitania kwamba akina mimi tunagawa dawa za magonjwa ambayo choo kizuri kingeyazuia.

Dalili ya kwanza niliyoielewa ilikuwa kalamu nyekundu. Alianza kusahihisha. Bili ya maji, vema. Gazeti la juzi, vema. Kadi ya kliniki, kosa, kosa, kosa, na chini yake, "Tuonane ofisini." Tulicheka. Mwezi uliofuata aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama mimi ni mwanafunzi mpya.

Binti yake yuko Marekani, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, kwa hiyo habari za namna hii humfikia mapema. Alipiga simu katikati ya mwaka 2023.

"Shangazi, shikamoo! Dawa ya baba imetoka. Inapunguza ugonjwa kwa asilimia 27!"

"Marahaba. Asilimia 27 ya nini?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana swali lilinitoka tu. Katika miaka 38 sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

Kijana wa jirani anayesomea udaktari alinitafutia makala yenyewe, tukaisoma pamoja barazani, yeye akinitafsiria maneno na mimi nikimtafsiria maana. Dawa inaitwa lekanemabu. Katika jaribio iliingizwa kwa dripu kila baada ya wiki 2, na kazi yake ni kuondoa amiloidi, protini inayoganda mabonge katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Watu 1,795 walijaribiwa, wote wakiwa mwanzoni mwa ugonjwa. Nusu walipata dawa, nusu dripu tupu, na kwa miezi 18 wagonjwa na waliowapima hawakuambiwa nani kapata nini. Kipimo kina alama kuanzia 0 hadi 18, zinazopanda kadiri mtu anavyodidimia: kumbukumbu, kujua alipo na ni lini, kuamua, shughuli za nje, shughuli za nyumbani, kujitunza mwili. Waliopata dripu tupu walipanda kwa alama 1.66. Waliopata dawa walipanda kwa 1.21. Tofauti ni 0.45. Igawe kwa 1.66 utaiona asilimia 27 ya binti yetu.

Nilikaa na hesabu hiyo mchana kutwa. Hakuna kundi lililopata nafuu. Wote walididimia, wengine wakachelewa kidogo. Ni mitumbwi miwili inavuja, na katika mmoja yumo mtu anafua maji kwa kata. Ukiitazama kutoka ufukweni hutajua ni upi. Kata yenyewe, ilipotoka, iliwekewa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 60, kabla hujalipia vipimo. Na vipimo si vya mchezo: lazima ithibitishwe kwanza kwamba una amiloidi, kwa mfano kwa picha ya ubongo au kwa maji ya uti wa mgongo, kisha upigwe MRI mara kwa mara, maana dawa inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Katika jaribio lile watu kama 13 kati ya 100 waliopata dawa walionekana na uvimbe, wengi bila kujua. Kwa wenye nakala mbili za jeni iitwayo APOE4 walifika karibu theluthi. Juu ya yote hayo, dawa ni ya wanaoanza kuugua. Mtu anayesahihisha bili ya maji ameshaipita stesheni hiyo.

Nilimpigia binti nikamwambia hiyo si ya baba yake. Akakasirika, akaniuliza kama nimeshakata tamaa. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, siku za ARV, niliwachukia watu waliotuambia tungoje.

Kuna jambo lilinichekesha, kicheko kichungu. Dawa za ugonjwa huu zilizotangulia zina udugu na kiapo. Kusini mwa nchi yetu walikuwa na mwavi, sumu waliyonyweshwa watuhumiwa wa uchawi: ukitapika huna hatia, ukifa ulikuwa mchawi. Watu wa Calabar, Nigeria, nao walikuwa na haragwe lao la namna hiyo, esere. Mwaka 1855 daktari wa Edinburgh, Robert Christison, alitafuna kipande ili aone, akaugua vibaya. Mwaka 1864 wakemia wa Ujerumani walitoa ndani ya haragwe hilo fisostigmini, kitu kinachozuia asetilikolini isivunjwe haraka, nayo asetilikolini ni moja ya kemikali ambazo chembe za ubongo hupelekeana habari. Zikapita zaidi ya miaka 100. Mwaka 1976, katika mji uleule wa Edinburgh, Peter Davies na A. J. F. Maloney walionyesha kwamba ubongo wa waliokufa na Alzheimer umepungukiwa uwezo wa kutengeneza asetilikolini. Hapo watu wakaunganisha kamba. Takrini iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, ikawa inaumiza ini, na mwishowe ikaachwa. Mwaka 1996 ikafuata donepezili, iliyobuniwa Japani na kundi la Hachiro Sugimoto, mtu ambaye mama yake mwenyewe aliugua maradhi ya kusahau. Kisha rivastigmini, ambayo muundo wake umeigwa kwa fisostigmini ya Calabar. Haragwe lililotumika kuwahukumu watuhumiwa wa uchawi likaingia katika ukoo wa dawa ya kuwatunza wazee.

Haragwe lilitoka Afrika, lakini katika lile jaribio la watu 1,795, weusi hawakufika 3 kwa kila 100.

Donepezili ndiyo tuliyoiweza. Daktari wa hapa alimwona kaka, akaandika cheti, binti akatuma. Ila kabla ya kuandika aliniuliza anatumia dawa gani nyingine. Nikataja ya presha. Na ya usingizi?

"Piriton tu," nikasema. "Kimoja usiku. Na nusu ya amitriptilini miguu ikimuuma."

Piriton tu! Enzi za klorokwini tuliigawa kama njugu, kwa kuwa klorokwini iliwawasha watu mwili mzima, na tulipenda jinsi ilivyowalaza. Daktari yule, umri wa mjukuu wangu, aliweka kalamu chini. "Bibi, hizo mbili zinaizuia asetilikolini ileile tunayotaka kumwongezea. Kwa mzee zinavuruga akili." Aliyasema kwa heshima kubwa na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Jambo lenyewe nililisoma chuoni, nikalijibia mtihani, nikafaulu. Kisha kwa mkono wangu nikampa kaka miaka miwili mfululizo.

Basi siku moja tukaacha Piriton na amitriptilini, na siku hiyohiyo tukaanza donepezili, miligramu 5 usiku. Wiki ya pili kaka akaanza kuota kwa sauti. Saa nane za usiku anaita mahudhurio: majina kamili, baba na ukoo, majina ya watu ambao wengi wao tumeshawazika, na baada ya kila jina anangoja waitikie. Dawa hii huleta ndoto nzito. Ikahamishiwa asubuhi, ndoto zikapungua. Sitaficha kwamba usiku wa kwanza wa kimya ulinikosesha usingizi.

Baada ya wiki 6 alikuwa afadhali. Alikuwa anamaliza sentensi. Aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hata watoto wangu hawalijui. Binti alilia kwenye simu: "Umeona, Shangazi? Dawa imefanya kazi!"

Dawa ipi? Ile tuliyoianza, au zile tulizoziacha? Au ni mjukuu aliyekuja likizo, akawa anakaa naye jioni kumsomea gazeti? Nilikuwa nimebadili mambo matatu kwa mpigo, mimi mtu wa famasi, na sasa hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia ni lipi lililomrudishia kaka yangu sentensi zake.

Hapo ndipo nilipoielewa dripu tupu. Kizazi chetu kingeita jambo hilo ukatili: kumpa mgonjwa maji matupu kwa makusudi, umwangalie. Nakiri hata leo moyo wangu haujalikubali lote. Lakini ninajua sasa kwamba katika lile kundi la dripu tupu walikuwamo watu waliomaliza sentensi zao, na mabinti waliolia kwenye simu. Uingereza walilifanya hilo kwa donepezili, jaribio lililotolewa mwaka 2004, wagonjwa 565, bila fedha za mtengenezaji. Dawa iliwaongezea wastani wa alama 0.8 katika kipimo cha alama 30. Baada ya miaka 3, waliopelekwa nyumba za kulelea wazee walikuwa 42 kwa 100 upande wa dawa, na 44 kwa 100 upande wa kidonge kitupu, tofauti ambayo bahati tu inaweza kuileta. Ingekuwa kwa hesabu ya dirisha langu, dawa hiyo ingepata sifa ya miujiza.

Wala msidhani wenye maabara wameponyoka udhaifu wetu. Adukanumabu ilisimamishwa majaribio mwaka 2019 kwa kuwa haikuelekea kusaidia. Takwimu zikapigwa upya, na mwaka 2021 Marekani ikaiidhinisha kwa sababu ilisafisha amiloidi pichani. Mwaka 2024 mtengenezaji mwenyewe akatangaza kuiacha. Picha ilipona, mgonjwa hakupona. Sisi tulidanganywa na foleni iliyopungua, wao na picha iliyotakata. Na hawa wanaotembeza "virutubisho vya ubongo" vya majani ya ginko wakitumia simulizi za waliopona, wajue kwamba jambo hilo liliulizwa vizuri, kwa watu 3,069 wa umri wa miaka 75 na zaidi, na jibu lililotoka mwaka 2008 lilikuwa kwamba ginko haikuzuia ugonjwa. Hela hiyo mnunulieni mzee samaki.

Bado kuna suala la kipimo chenyewe, na hapa ningependa kaka angekuwa na akili zake tubishane. Kile cha alama 30, kilichotungwa Marekani mwaka 1975, kinamtaka mtu aondoe 7 kutoka 100, tena na tena, aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizopishana. Wanafunzi wa kaka wa mwaka 1970 wangeanguka mtihani huo wakiwa wazima wa akili, na kaka mwenyewe angeupita akiwa ameshaanza kuugua. Ukimpima kwa maswali ya darasani mtu aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza akiwa na wajukuu, unaipima shule. Ndiyo maana niliipenda kazi iliyofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Waliwapima watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakuta ugonjwa kwa kiasi cha watu 6.4 katika kila 100, na katika kuendeleza kazi hiyo wakatunga kipimo kifupi kisichodai kusoma: daraja ni nini, leo siku gani, taja wanyama kwa dakika moja, panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga mimi. Njiti za kiberiti! Kaka angelitumia wazo hilo darasani usiku uleule.

Na tunahitaji kupimwa kwetu, maana miili yetu haifuati kila kitu kilichoandikwa kwingine. Watafiti waliowafuatilia Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis kuanzia miaka ya 1990 waliona ugonjwa Ibadan haufiki nusu ya ule wa Indianapolis, na ile jeni ya APOE4, inayoogopwa sana kwingine, ilikuwa na uzito mdogo kwa Wayoruba. Sasa dawa ambayo hatari yake hupimwa kwa jeni hiyo itatufanyaje sisi? Hilo halijibiwi kwa kututumia sanduku la dawa.

La presha nimeliacha makusudi hadi sasa kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Jaribio la Marekani la watu zaidi ya 9,000 lilionyesha mwaka 2019 kwamba waliokazwa presha yao ya juu ishuke chini ya 120 walipungukiwa na ule usahaulifu wa mwanzo kwa asilimia 19 kuliko walioruhusiwa 140; kwa ugonjwa kamili tofauti haikufikia kuthibitika. Si jibu kubwa. Lakini vidonge vilivyotumika ni jamii ya vile nilivyovigawa dirishani, vya bei ya chini kuliko soda. Na wenye presha ndio waliokuwa mabingwa wa kutorudi. Mtu anachukua dawa ya mwezi mmoja, kichwa kinaacha kumgonga, haji tena. Nikamhesabu amepona.

Kaka alikuwa mmoja wao. Alianza dawa akiwa na miaka 50 na kitu, akaacha alipojisikia vizuri, akanitania tena kuhusu choo, na mimi, mdogo wake ninayekula naye kila Idi, sikumuuliza kwa miaka 11.

Sasa nina kaunta buku. Kila Ijumaa asubuhi naandika presha, mapigo ya moyo, amekula nini, amelala saa ngapi, ameniitaje. Dawa hubadilishwa moja tu kwa wakati, na baada yake tunangoja wiki 4 kabla ya kugusa nyingine. Mjukuu hurekodi wanyama kwa simu: Ijumaa moja walikuwa 9, nyingine 6, nyingine 6 lakini mbuzi katajwa mara tatu. Mapigo yamekuwa yakishuka taratibu, na juzi nilihesabu 54, jambo ambalo donepezili hulifanya na linalotaka kuangaliwa. Daktari amesema tunaweza kuendelea tukiwa macho, au tunaweza kuacha. Upo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 unaoonyesha kwamba waliokatishiwa walishuka zaidi kuliko walioendelea, kwa alama 1.9 katika zile 30. Najua jinsi ya kuisoma alama 1.9.

Boksi limebaki na vidonge 19. Binti alipiga jana kuuliza kama atume jingine au aache. Nilimwangalia kaka. Alikuwa kwenye kiti chake, kalamu nyekundu mkononi, ameshika kaunta buku yangu, anaitia vema ukurasa baada ya ukurasa.

Nilimwambia atume. Mbele ya tarehe hiyo, kwenye safu ya sababu, sikuandika kitu.